Terabaiti Moja

Kompyuta imenigomea tangu Jumanne.
Nafasi imejaa, inasema, mkavu kama mwenye nyumba.
Nimefuta picha za harusi ya Nyakwesi,
nimefuta mapishi, nimefuta risiti za Luku.
Bado imejaa,
na madaftari ya baba ndiyo kwanza nimefika mwaka sabini na tisa.

Nikashuka mjini, mtaa wa Rwagasore, kwa Bujiku,
feni la dukani kwake huzunguka likitaka.
Akanipangia diski tatu juu ya kioo.
"Hii hapa terabaiti nane, elfu thelathini na tano tu."
Nikaipima mkononi: nyepesi kama ahadi.
Mimi ni binti wa karani wa mzani, Bujiku.
Baba alipima samaki mwaloni Kayenze miaka ishirini na sita;
aliyeshindiliwa mawe tumboni
alimjua kwa kumtikisa.
Nikaitikisa. Ndani kitu kikagonga: ko, ko.
Bujiku akatazama feni.

Nikachukua ile ya laki na sabini,
terabaiti moja, nyeusi, haifiki hata kipande cha sabuni.
Nikamwambia aichomeke, ahamishe faili kubwa nikiona,
nikahesabu dakika, nikadai risiti yenye muhuri.
"Dada, unanunua diski au kiwanja?"
Kiwanja.

Nyumbani Nyegezi nikaifungua:
wameandika elfu moja, nimekuta mia tisa thelathini na moja.
Baba angeweka pembeni, kwa wino mwekundu: *pungufu*.

Usiku, mtaa ukitulia, napiga picha ukurasa kwa ukurasa.
*14 Machi. Sato 212. Ningu 40. Kamongo 3. Furu debe 9. Mvua.*
*15 Machi. Magesa amekopa sh. 20, hajasema lini.*
Diski naiweka katikati ya meza, mbali na chai, mbali na kiwiko,
na ukutani nimebandika karatasi:
USIGUSE IKIPEPESA.
Kitaa chake cha buluu kinapepesa, kinapepesa,
kinameza mwandiko wa baba, na madoa ya magamba yaliyokaukia humo.

Themanini na tatu, furu debe nne.
Themanini na tano, debe moja, "vidogo".
Halafu hakuna.
Lakini safu ya furu aliendelea kuichora, kwa rula,
mwaka mzima, wa pili, wa tano,
jina juu, chini peupe,
kama anayemtengea sahani mtu aliyesema narudi sasa hivi.

Nikimaliza sichomoi tu. Nabofya, nasubiri maneno:
*Sasa ni salama kuondoa kifaa.*
Baba aliondoka Bugando saa nane usiku,
nami nimekwenda kutafuta soda.

Kopi ya pili iko Nansio kwa shangazi Nabigambo,
kabatini, ndani ya soksi.
Ameniuliza kwenye simu kama inakula umeme ikilala.
Haili, shangazi.
Ameniuliza kama kaka yake yumo humo mzima.

Madaftari thelathini na moja: gigabaiti nne na chenji.
Nafasi iliyobaki, mia tisa ishirini na saba.
Nilikodoa macho pale mpaka kioo kikazima chenyewe.
Nilidhani atahitaji nyumba kubwa zaidi.

Nilikuwa nimefungua folda kwa kila samaki:
SATO, NINGU, KAMONGO, FURU,
na ndani yake miaka.
Ile miaka mitupu ya furu niliifungulia pia,
nikaiacha hivyo hivyo, tupu.

Leo nimekuta imejaa.
Mpwa wangu Mafuru, miaka kumi na minne,
kaona jina, kadhani nimemfungulia yeye,
kaijaza tamthilia za Kikorea, vipindi sitini na nane,
na mpira wa shule yao, umepigwa kwa simu inayotetemeka.

Nimeshika kipanya muda mrefu.
Kisha nikaandika daftarini, la karatasi, tarehe ya leo:
*Furu, gigabaiti 41.*